"Nyumba apewe mdogo": kisa cha daftari la Bi Mkubwa

Majina, mtaa na shehia vimeondolewa, na baadhi ya miaka imesogezwa kidogo. Hesabu imewekwa kwa thamani zilizokubaliwa na wenyewe wakati wa mgao.

Usuli

Bi Mkubwa alifariki mwaka 2023 katika mji mdogo wa Pemba, akikadiriwa kuwa na miaka 86. Hakwenda skuli, alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akahitimu msahafu, akaolewa kabla hajafika miaka ishirini. Akazaa wanaume watatu na wanawake wanne. Kazi yake katika karatasi zote za serikali ni "mama wa nyumbani", neno linalofunika mambo mengi. Alfajiri alikuwa uwani anachoma mikate. Msimu wa karafuu alichambua makonyo usiku kwa taa ya chemni na kuanika juani asubuhi. Baina ya adhuhuri na alasiri alishona kofia za viua. Jioni watoto wa jirani walikuja kwake kusoma Juzuu Amma. Zaidi ya yote alikuwa muosha maiti wa kike wa mtaa: akifa mwanamke usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wake.

Mumewe, karani, alifariki mwaka 1997. Aliacha nyumba ya mawe ya vyumba vinne aliyoijenga mwenyewe. Mirathi yake haikugawiwa, kwa sababu ile ile inayosikika Pemba nzima: mama yupo hai, nani atakuwa na uso wa kupima nyumba akiwa ndani? Mwaka 2012 binti wa tatu akafariki, akaacha mume na watoto wawili wadogo, wa kiume na wa kike. Bi Mkubwa akawalea wajukuu hao. Mumewe binti akaoa tena.

Miaka tisa ya mwisho Bi Mkubwa alitunzwa na kitinda mimba, binti aliyeachika, aliyefunga cherehani yake mjini akarudi nyumbani. Sukari ilimkamata mama, mguu ukafanya kidonda, na daktari akamkataza kufunga. Wengine walituma fedha, mmoja kila mwezi, wengine Ramadhani na Idi.

Daftari

Siku ya tatu ya msiba, mtoto wa kwanza alifungua sanduku la mama. Juu kulikuwa na sanda yake mwenyewe, bafta iliyokwisha kukatwa vipande vitano vya mwanamke, na chupa ya marashi. Chini yake daftari la kurasa 96, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika watoto sita waliobaki hakuna aliyeweza kulisoma. Wote walikuwa watu wa skuli.

Alitafutwa mwalimu wa chuo, mtu mzima, akasoma. Hapa panataka maelezo, maana nusu ya ugomvi uliofuata ulitoka kwenye hati yenyewe. Wazee wengi waliosoma chuoni huandika p kwa herufi ya b, ch kwa herufi ya sh, v kwa herufi ya f, na mara nyingi huiacha m au n iliyotangulia konsonanti. "Nyumba" inaandikwa "nyuba", "pishi" inakuwa "bishi". Msomaji hujaza mwenyewe kwa maana. Mstari mmoja mwalimu aliusoma "shaba kwetu, kwa baba". Siku nzima watu walipekua masanduku na dari wakitafuta masinia na mabirika ya shaba, na mabinti wawili wakaanza kuulizana nani alikuja na kapu kubwa Idi iliyopita. Msomaji wa pili, bibi wa rika la marehemu, aliangalia mstari unaofuata, ukaanza na "mikarafuu kumi na nane", akasema: "Shaba gani, wanangu? Hii ni shamba."

Yaliyomo katika daftari, kwa ufupi: mikarafuu 18 aliyorithi kwa babake. Dhahabu gramu 25, aliyoinunua kidogo kidogo kwa fedha za kofia. Mkufu mmoja ulikuwa umeazimwa na mjukuu kwa harusi, na neno lililoandikwa ni "azima". Upatu wa watu 12, shilingi 20,000 kwa mwezi, amekwisha kupokea. Deni la dukani. Funga za Ramadhani tatu: ya kwanza ina alama ya kulipwa fidia, mbili za mwisho hazina. Kisha mistari mitatu ya wasia: mikarafuu 6 iwe wakfu wa chuo, wajukuu mayatima wapewe mikarafuu minne minne, na "nyumba apewe mdogo", yaani kitinda mimba.

Mlolongo wa mambo

Khitma ya siku ya tatu ilipikwa kwa shilingi 180,000 zilizotolewa kwenye kibubu cha marehemu kabla hakijahesabiwa. Hili ni kosa la kwanza, na ni la kawaida mno. Kinachotoka katika mali ya maiti kabla ya kila kitu ni gharama za mazishi: sanda, kuosha, mbao, kaburi. Chakula cha khitma hakimo. Wanaotaka kumfanyia mzazi wao khitma watoe mifukoni mwao, khasa ikiwa katika wenye haki wamo mayatima.

Wiki ya pili kikao cha kwanza kilivunjika. Mtoto wa pili alisema wasia ni wasia, nyumba ni ya mdogo, kwisha. Wa tatu akasema nyumba ni ya baba na mama hakuwa na la kutoa. Likaja suala la wajukuu, na hapo wote wakakubaliana kwa sauti moja: wajukuu hawarithi, watosheke na mikarafuu yao. Suala pekee lililowaunganisha ndilo walilokosea zaidi.

Wiki ya tano wakaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kuchukua barua, kisha Mahkama ya Kadhi ya wilaya. Mtoto wa kwanza na binti wa kwanza wakawekwa wasimamizi. Walitakiwa wapeleke vyeti vya vifo vitatu, wala si kimoja: cha mama, cha baba na cha binti. Cha baba hakikuwahi kuchukuliwa. Kukipata baada ya miaka 26, kwa mashahidi wa kifo waliobaki wawili, kulichukua zaidi ya miezi miwili na ndiko kulikochelewesha mambo yote.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lililoamuliwa ni kutougusa mgao wa mama mpaka wa baba uishe. Mafakihi huiita munasakha, mirathi juu ya mirathi: mrithi anakufa kabla hajapokea fungu lake, na fungu hilo linakuwa tarika nyingine, yaani mali nyingine ya maiti ya kugawiwa. Ukianza na aliyekufa mwisho, hujui hata alimiliki nini.

Nyumba ilithaminiwa 24,000,000. Kwa baba: mke thumni, yaani moja ya nane, 3,000,000. Saba ya nane iliyobaki kwa watoto, mwanamme mafungu mawili na mwanamke moja, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 11 na 12. Wanaume watatu na wanawake wanne ni mafungu kumi, kila fungu 2,100,000. Kila mwanamme 4,200,000, kila mwanamke 2,100,000.

Sasa angalia: wanawake wanne. Binti wa tatu alikuwa hai babake alipofariki mwaka 1997. Alirithi. Kifo chake cha 2012 hakikufuta fungu lake, kiliwahamishia warithi wake. Mumewe robo kwa kuwa wana watoto, 525,000. Mamake sudusi, yaani moja ya sita, 350,000. Baki 1,225,000 ya watoto wake wawili, mvulana theluthi mbili, msichana theluthi moja. Kwa hiyo wajukuu wale walikuwa wenye nyumba tangu mwaka 2012, na babao pia, ingawa ameoa kwengine. Ndoa mpya haiondoi fungu la mume kwa mkewe aliyekufa; kikaoni neno hilo liliwachoma wengi kuliko jengine lolote.

Kanuni ya "wajukuu hawarithi" ni sahihi kwa mali ya bibi: watoto wa binti hawana fungu, na hapa watoto wa kiume wa marehemu wapo hai. Iliwekwa tu juu ya tarika isiyo yake.

Fungu la Bi Mkubwa katika nyumba likawa 3,000,000 za mumewe na 350,000 za bintiye, jumla 3,350,000, yaani sehemu 67 katika 480. Nyumba aliyoishi miaka hamsini, akaifagia kila alfajiri, haikufika sudusi yake. Aliandika "nyumba" kwa sababu hakuna aliyemwambia vyengine.

La pili, daftari linasimama vipi? Wasimamizi walimtaka bibi aliyelisoma na mwalimu wa chuo wasome kila mmoja peke yake mbele ya watu, na maandishi mapya yaandikwe kwa herufi za kirumi, yatiwe saini na wote wawili. Pale waliposoma tofauti ilichukuliwa maana inayokubaliana na mistari jirani. Madeni yalithibitishwa kwa upande wa pili: kijumbe wa upatu alikuja na kitabu chake, mwenye duka na chake. Deni la dukani daftari lilisema 52,000, duka 58,400. Sukari na mafuta ya wiki ya mwisho hayakuwa yameandikwa, mgonjwa hakuweza kushika kalamu. Ikalipwa ya duka.

La tatu, "nyumba apewe mdogo". Hapa kitenzi kimoja kiliamua. Lau angeandika "nimempa", ingeulizwa kama ni hiba, yaani zawadi: je, alimkabidhi akiwa hai na mzima, mdogo akapokea, kuna aliyeshuhudia? "Apewe" ni amri ya baada ya kifo, yaani wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. Ridhaa yenyewe inazingatiwa baada ya kufa kwa mwenye kuusia, kila mtu kwa fungu lake tu, na mtoto asiyebaleghe haridhii wala hakuna wa kuridhia kwa niaba yake. Wasia wa mikarafuu kwa wajukuu ulikuwa mbali na hayo, kwa sababu wao si warithi wa bibi yao. Mwanamke huyu aliyesoma chuoni alilijua hilo barabara. Alichokosea ni cha nyumba tu.

Hesabu ya mama

Mali: fungu la nyumba 3,350,000, mikarafuu 18 kwa 250,000 kila mmoja, 4,500,000, dhahabu 3,000,000, fedha taslimu 640,000, baada ya wanaume watatu kurudisha 180,000 za khitma, vyombo na samani 310,000. Jumla 11,800,000. Mikarafuu ilithaminiwa na wazee wawili wa shambani, mti mmoja mmoja, kwa umri na afya yake, kisha ikapatikana wastani. Kwa desturi ya Pemba mti ni mali mbali na ardhi uliyosimama, hivyo kilichogawiwa ni miti.

Yaliyotoka kwanza: mazishi 260,000, ambayo yangezidi lau sanda haikuwamo sandukuni. Upatu 100,000: alipokea zamu ya tatu, akafariki mwezi wa saba umekwisha kulipwa, ikabaki mitano. Duka 58,400. Fidia ya Ramadhani mbili, moja ya siku 30 na moja ya 29, siku 59, kibaba kimoja kwa kila siku. Vibaba vinne ni pishi, kwa hiyo pishi 14 na vibaba vitatu vya mchele. Kwa kilo watu hutofautiana kidogo. Hapa kibaba kilihesabiwa gramu 750 kwa kujihadhari, kikatoka kilo 44 na robo kwa shilingi 3,200, yaani 141,600. Mchele ulipimwa na kugawiwa maskini kama chakula. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, hayatoi fedha mahali pa chakula hapa.

Jumla iliyotoka ni 560,000, ikabaki 11,240,000. Theluthi yake, ambayo ndiyo mpaka wa wasia, ni 3,746,666. Wasia wa mikarafuu 14 ni 3,500,000, umo ndani ya theluthi na chenji inabaki. Baki 7,740,000 kwa wanaume watatu na wanawake watatu waliokuwa hai, mafungu tisa ya 860,000. Mwanamme 1,720,000, mwanamke 860,000.

Kisha likaulizwa suala la ridhaa. Waliulizwa mmoja mmoja, chumbani, na si mbele ya kikao. Mbele ya watu mtu huridhia kwa haya, na ridhaa ya haya hurudi baada ya mwaka ikiwa ugomvi. Mtoto wa kwanza alimwachia mdogo fungu lake lote la mama. Binti wa kwanza alimwachia 770,000, akachukua 90,000 kwa fedha na vyombo, akasema anataka sinia la mama na hakuna wa kumuuliza. Waliobaki watatu hawakuridhia na hawakulaumiwa. Wakapata dhahabu, mikarafuu minne na vyombo. Ule mkufu ulioazimwa ulirudi ukiwa umefungwa kwenye leso, kwani daftari lilikuwa limekwisha kusema.

Matokeo

Kitinda mimba alibaki na fungu lote la mama katika nyumba na lake kwa baba: sehemu 109 katika 480. Yaani baada ya wasia, ukarimu na miaka tisa ya kuosha kidonda, haikufika robo ya nyumba. Yaliandikwa makubaliano ya miaka mitano: anakaa bila ya kodi, matengenezo madogo juu yake, paa na ukuta juu ya wote kwa mafungu yao, na nyumba ikiuzwa yeye wa kwanza kuulizwa. Fungu la mume wa marehemu binti, 525,000, lilinunuliwa na mtoto wa kwanza kwa jina lake mwenyewe. La mayatima liliachwa ndani ya nyumba, limeandikwa katika hati ya mgao kwa majina yao, pamoja na mikarafuu minane iliyotiwa alama ya rangi kwenye shina.

Mikarafuu ya wakfu ilipelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ikawekewa msimamizi. Kazi nzima, tangu kifo hadi saini ya mwisho, ilichukua miezi minane.

Kilichofaa, kilichoharibika

Daftari lilikuwa bora kuliko watu walivyotarajia kwa mwanamke asiyekwenda skuli. Lilitenganisha deni na azima, lilitaja funga, na wasia wake ulikaa ndani ya theluthi bila ya kikokotoo. Hii haikuwa bahati. Aliyeosha maiti miaka arobaini ameingia nyumba nyingi siku ya kwanza ya msiba, akaona watu wanavyogombana juu ya maiti hajapoa. Pensheni jamii aliyopokea tangu ilipoanza Aprili 2016, shilingi 20,000 wakati huo, imeandikwa mwezi kwa mwezi, na kando yake ilikokwenda: upatu, dawa, chuo.

Udhaifu wake ni mmoja: halikusomwa na mtu yeyote akiwa hai. Dakika kumi za kumsomea mtoto mmoja zingeondoa siku ya shaba, na pengine zingetoa suali la nyumba wakati mwenyewe yupo wa kulijibu. Mwenye mzazi wa namna hii asisubiri sanduku. Amwombe amsomee, aandike kwa herufi anazozijua, wote wawili watie alama.

Kosa kubwa ni la 1997 na si la mama. Kugawa kwa hesabu hakumtoi mjane nyumbani. Warithi wangeweza kuandika mafungu siku ile ile na kumwachia mama akae maisha yake, na hakuna tofali lingeguswa. Kwa kuogopa neno "mnagawana", waliruhusu kifo cha pili kiongeze warithi watatu, wakapoteza mashahidi, na wakamwacha mama aamini kwamba ana nyumba ya kutoa. Kama angejua ni sehemu 67 tu, angeweza kumpa mdogo hiba ya sehemu hizo akiwa na afya, kwa mashahidi na makabidhiano. Ingebaki kutazamwa kama anawafanyia watoto wake uadilifu katika kutoa, na jibu la wazi lilikuwepo: huyu alifunga cherehani.

Kuhusu kutunza mgonjwa, sheria ya mirathi haina fungu la mtunzaji, na wanaolalamika juu ya hilo hulalamika mahali pasipo pake. Mtunzaji hulipwa mama akiwa hai, na watoto wenzake, kwa mapatano ya kila mwezi. Ndugu wanaotuma fedha "za mama" bila ya kutenga "za anayemtunza" hujikuta kwenye kikao kama hiki, kila mtu akiona haya na hakuna anayejua adaiwe nani. Katika makubaliano ya miaka mitano kiliongezwa kifungu kimoja, kwa pendekezo la binti wa kwanza: ndugu watatu waliochukua mafungu yao kamili watachanga cherehani mpya. Ilinunuliwa kabla ya mfungo tatu, mwezi wa Hija.